Kabla Hujaagiza Sabufa Kubwa, Kitulize Chumba

Wadogo zangu wa Kengeja, kisiwani Pemba, na nyote mnaoisoma kona hii kuanzia Mkoani na Chake mpaka Unguja na Maskati, nisikilizeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: leo dada yenu ameingia ukumbini mwenu, na ana neno.

Najua mlivyojinyima kuijenga nyumba yenu. Tofali moja moja, msimu wa karafuu mmoja baada ya mwingine, na kinachotumwa na jamaa wa Uarabuni. Sasa nyumba imesimama. Ukumbi una tailizi zinazong'aa, kuta zimepigwa plasta zikalainishwa, juu kuna jipsamu yenye taa za kujificha, dirishani vioo vya kuteleza. Ukutani kuna televisheni pana, na chini yake hom thieta na sabufa yake aliyoileta shemeji kutoka Maskati. Mashallah, Mungu azidishe.

Tatizo linaanza jioni. Watoto wanaweka filamu, na bibi aliyekaa kochini anauliza kila baada ya dakika mbili, "Kasema nini huyo?" Mnaongeza sauti. Kishindo kinazidi, maneno yanabaki vilevile. Mnaongeza tena, mtoto mchanga anaamka chumba cha pili, na jirani anatoka uani kutazama kulikoni. Kesho yake baba wa nyumba anapiga simu Maskati: "Tutafutie sabufa kubwa zaidi, hii haina nguvu."

Mdogo wangu, iweke simu chini kwanza. Spika hiyo haina kosa. Kosa liko chumbani, na chumba kinatibika kwa vitu ambavyo vingi vyake viko hapo hapo Kengeja.

Kwa nini nyumba mpya inapiga kelele

Nyumba za udongo na fito walizokaa wazee wetu, zenye makuti juu, majamvi chini na magodoro ya sufi kitandani, zilikuwa zikiimeza sauti bila mtu kuzipangia. Kila kitu ndani kilikuwa na vinyweleo na nafasi za hewa. Sauti ikiingia humo inasuguana na nyuzi, inageuka joto dogo lisilohisika, inakwisha.

Nyumba ya leo ni kinyume. Tailizi, plasta laini na kioo havina pa kuipokea sauti. Neno likitoka kwenye spika na kugonga tailizi, katika kila sehemu 100 hurudi takriban 98. Zinakwenda ukuta wa pili, zinarudi, zinapanda juu, zinashuka. Kwa joto letu la pwani sauti hukimbia karibu mita 350 kwa sekunde moja, maana yake katika ukumbi wa mita tano huupita huo urefu mara 70 kwa sekunde. Neno la kwanza halijazimika, la pili limeshafika, la tatu liko juu yake. Mtu akizungumza kawaida hutoa silabi nne au tano kwa sekunde. Mwangwi ukidumu sekunde tatu, silabi zaidi ya kumi zinapandana kama abiria wa boti wanaoshuka kwa pamoja bandarini Mkoani. Ukiongeza sauti, unaongeza na mwangwi wake kwa kipimo kile kile. Ndiyo maana bibi hapati nafuu.

Na bibi ndiye anayeumia kuliko wote. Sikio la mzee hupata tabu kulitenga neno na vurugu iliyolizunguka, hata kama bado linasikia kishindo vizuri. Mtoto anayejifunza lugha naye yumo katika tabu hiyo, na pia yule aliyevaa kifaa cha kusikia. Kwa hiyo mkiambiwa mtulize chumba, msidhani ni anasa ya watu wa mjini. Mnawarudishia watu wenu maneno.

Fanya jaribio sasa hivi. Zima feni, simama katikati ya ukumbi, piga kofi moja kali, kisha sikiliza. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, hiyo ni sauti inayorushwa baina ya kuta mbili zinazotazamana. Nenda sasa chumbani, penye kitanda, godoro, kabati la nguo na pazia, upige kofi jingine. Litakufa pale pale. Tofauti uliyoisikia baina ya vyumba hivyo viwili ndiyo somo lote la leo.

Mtu aliyelipima jambo hili

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao hakuna aliyemwelewa mhadhiri ndani yake. Kazi akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Alitumia bomba la kinanda na saa, na alifanya kazi usiku wakati mji umelala. Aligundua kwamba sauti ikikatwa, ilikuwa ikiendelea kusikika kwa takriban sekunde tano na nusu. Yeye na wasaidizi wake wakawa wanabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wanaipanga, wanapima, na alfajiri wanairudisha. Kila mito ilipozidi, mwangwi ulipungua.

Kutokana na kazi hiyo akapata kanuni inayotumika mpaka leo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, kisha gawa kwa jumla ya eneo linalonyonya sauti. Jibu ni sekunde za mwangwi. Na kipimo chake cha unyonyaji kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi. Mita moja ya mraba ya dirisha wazi ni moja kamili. Vitu vingine vyote hulinganishwa nayo.

Tuuweke ukumbi wako katika kanuni hiyo. Tuseme una upana wa mita 4, urefu wa mita 5, na kimo cha mita 3. Ujazo ni mita za ujazo 60. Ukiwa mtupu, tailizi na plasta zote kwa pamoja zinanyonya kiasi cha mita za mraba 3 tu. Piga hesabu: 60 mara 0.161, gawa kwa 3. Unapata sekunde 3 na ziada. Chumba cha kuangalia filamu kinataka nusu sekunde hivi. Ili ufike hapo, unyonyaji lazima upande kutoka 3 hadi karibu 20.

Usishtuke na hiyo 20. Makochi ya kitambaa yenye matakia yatakupa kama 3. Zulia nene la mita za mraba 12 litakupa zaidi ya 3 nyingine. Pazia zito la mita za mraba 8 lenye mikunjo mingi litakupa kama 4. Mbao kumi za usumba nitakazokueleza hapa chini zitakupa 6 na kidogo. Jumlisha na ile 3 ya mwanzo, umeshafika. Na watu wenyewe ukumbini ni faida, kwani kila mmoja na nguo zake ananyonya karibu nusu mita ya mraba. Ndiyo maana siku ya mpira, nyumba ikijaa, sauti huwa afadhali.

Anza na ulivyonavyo

Kabla hujatoa hata shilingi, panga upya. Chumba kitupu ndicho kinachopiga kelele, kwa hiyo vitu laini viingie. Zulia lililokunjwa uvunguni likisubiri wageni, litandikwe baina ya televisheni na makochi, maana pale ndipo sauti ya spika inapogonga sakafu kabla ya kukufikia. Jamvi chini ya zulia huongeza unene, na unene ndio unaofanya kazi. Pazia la lesi halisaidii. Tafuta kitambaa kizito, na upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha ili mikunjo ijae. Kabati la vitabu na misahafu likae ukuta wa nyuma, kwa sababu vitabu vya vimo mbalimbali huitawanya sauti isirudi kwa mkupuo.

Kochi usiligandamize ukutani. Lisogeze mbele hata nusu mita, maana karibu na ukuta besi hujikusanya na kufunika maneno. Na spika zisizikwe ndani ya kabati. Zitoe, zielekee masikioni, ziwe usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa.

Mbao za usumba

Hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa akina mama wa pwani. Nchi nyingine watu hununua pamba ya mawe au ya kioo ya viwandani. Sisi tuna minazi, na tuna mikono inayojua kufukia makumbi pwani, kuyafukua yakishalainika, na kuyapiga mpaka yatoe usumba. Nyuzi hizo hizo tunazosokotea kamba, watafiti wa Malaysia wamezipima maabara na kukuta zinanyonya vizuri sauti za kati na za juu, ambazo ndizo zinazobeba maneno. Sufi nayo ni ya tabia hiyo hiyo. Fundi wa magodoro kijijini ana nusu ya ujuzi unaohitajika.

Utengenezaji wake ni huu. Usumba uliofukiwa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo uoshe kwa maji baridi ya kisima mara kadhaa, kisha uanike juani mpaka ukauke kabisa. Mwambie seremala akuundie fremu ya urefu wa sentimita 120, upana 60, na kina cha 8 hadi 10. Nyuma ifunge kwa gunia la katani au la juti, lile linalopitisha hewa, likazwe kwa misumari midogo. Jaza usumba kwa mkono, kila pembe. Ukiubonyeza uzame kidogo na urudi; ukilegea sana utashuka chini baada ya mwezi, ukikazwa mpaka ukawa mgumu, sauti haitaingia. Mbele funika kwa kitambaa cha pamba. Kanga inafaa sana, na hapo una uhuru wa kuchagua pindo na mji unaoupenda, ukumbi ukapendeza. Kipime kitambaa kwa kukiweka mdomoni na kupuliza: pumzi ikipita kwa urahisi, na sauti itapita. Ngozi ya bandia na plastiki hazifai, kwani sauti itateleza juu yake na kurudi.

Ukiitundika, usiibandike ukutani moja kwa moja. Tia vijiti nyuma iachane na ukuta kama sentimita 5. Nafasi hiyo ya hewa inaifanya mbao inyonye mpaka sauti nzito kidogo, na inazuia uvundo, ambao kwa unyevu wa Pemba wakati wa masika si jambo la kupuuza. Isiguse sakafu, mchwa asipate ngazi. Kila baada ya miezi michache ishushe, uikung'ute vumbi, uianike juani nusu siku.

Wapi uitundike? Kaa mahali pako pa kawaida kwenye kochi. Mwite mtoto ashike kioo cha kujitazamia, akipitishe taratibu ukutani usawa wa macho yako. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo, tia alama. Hapo ndipo sauti inapogonga na kukurukia. Fanya ukuta wa kulia, wa kushoto, kisha ukuta ulio nyuma yako. Alama hizo ndizo zianze kupata mbao. Zinazobaki zigawe kwenye kuta zinazotazamana, pale kofi lako lilipotetemeka.

Besi ina shauri lake

Sabufa ikivuma mahali pamoja mpaka kifua kinatikisika, na hatua mbili pembeni haisikiki, hiyo nayo ni kazi ya chumba. Wimbi la besi ni refu kama chumba chenyewe. Katika ukumbi wa mita 5, mtetemo wa hezi 35 unajipanga sawasawa baina ya kuta mbili na kujikuza. Chumba cha mraba kina adhabu kubwa zaidi, kwa sababu urefu na upana vinaukuza mtetemo ule ule. Wewe ambaye bado uko kwenye msingi, kaa na fundi wako mapema. Kimo cha mita 3, upana wa 4.2 na urefu wa 5.7 ni mpango mzuri unaoisambaza mitetemo isirundikane.

Kwa nyumba iliyokwisha, pembe mbili za nyuma zijaze mbao nene zaidi, sentimita 15 na kuendelea, kutoka chini hadi juu. Kisha tafuta mahali pa sabufa kwa njia hii: iweke juu ya kochi, pale unapokaa, ipige wimbo wenye besi ya mfululizo, halafu pita ukitambaa kandokando ya kuta. Pale utakapoisikia besi imetulia na iko wazi, hapo ndipo pa kuiweka. Kazi ya robo saa, na haina gharama.

Msidanganyike

Trei za mayai kwanza. Nimeona vyumba vimepambwa kwa trei ukuta mzima. Karatasi ile ni nyembamba mno. Inagusa sauti za juu kidogo, maneno na besi inaviacha, na baada ya hapo inakuwa mahali pa mende na vumbi.

La pili ni zito, na nalisema kwa nguvu zangu zote. Msibandike sponji la godoro ukutani wala darini. Sponji likishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wa sumu unaomwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Februari 2003 huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji lililobandikwa ukutani kutuliza sauti katika ukumbi wa muziki. Watu 100 walikufa. Januari 2013 huko Santa Maria, Brazil, moto wa aina hiyo hiyo uliua watu 242, wengi wao vijana. Hata usumba na pazia ni vitu vinavyowaka, kwa hiyo visikaribiane na soketi, mshumaa, wala chetezo cha udi. Chetezo kiwe mbali, na mlango wa kutokea usizibwe na kitu.

La tatu: kutuliza mwangwi na kuzuia sauti isitoke ni kazi mbili. Mbao za usumba zinasafisha sauti ya ndani. Hazitomfungia jirani sabufa yako nje ya nyumba yake. Besi hupita ukutani na kwenye bati, na ya kuizuia ni uzito na kuziba mianya: mlango mzito wa mbao ngumu, mpira pembeni mwa fremu, tofali zilizojazwa. Ila faida iko. Chumba kikitulia, maneno yanasikika kwa sauti ya chini, na wewe mwenyewe unapunguza. Jirani anapumzika, adhana inasikika, na mtoto wa skuli anasoma.

Najua mtakayosema

"Dada, ukumbi utageuka ghala la karafuu." La, hasha. Ukuta wenye mbao nne zilizovikwa kanga za rangi moja, zimepangwa kwa mstari, ni pambo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

"Kutakuwa na joto." Mbao za ukutani hazizuii upepo, na madirisha yabaki kama yalivyo. Pazia zito livutwe wakati wa kuangalia tu. Mkumbuke pia kwamba dirisha wazi linanyonya kuliko kitu chochote, mradi muwe wastaarabu kwa sauti.

"Mume wangu hataki, anataka sabufa." Mwambie tutenganishe fungu: katika kila shilingi 10 za chombo, 2 ziende kwenye chumba, na zitangulie. Mpigie kofi ukumbini na chumbani, asikie mwenyewe. Muwekee mawaidha anayoyapenda, au taarab ambayo utamu wake wote uko katika maneno, kabla na baada ya kutundika mbao nne za kwanza. Mwangwi mrefu una mahali pake. Unapendezesha kisomo msikitini. Ukumbini mwenu, penye mazungumzo na hadithi, unaiba maneno.

Tangu umeme wa waya wa baharini ulipotufikia kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba imeacha kutegemea majenereta ya Wesha, na nyumba zetu zimejaa vyombo. Vyombo tumevijua kuvinunua. Sasa tujue kuviandalia pa kukaa. Na nyinyi akina mama wa usumba na mafundi wa magodoro, hapa kuna kazi: tengenezeni mbao kumi, muwaonyeshe wanaojenga, mtapata soko ambalo halijaguswa.

Wiki hii nakuachia kazi tatu tu. Piga kofi. Tandika zulia. Zungusha kioo utie alama. Wiki ijayo nenda kwa seremala na vipimo mkononi, uanze na mbao nne, usingoje kumi. Ukishazitundika, mkalishe bibi kochini, weka filamu kwa sauti ya chini kuliko ulivyozoea, na umwulize yeye kama uagize sabufa nyingine.

Dada yenu anayewapenda.